Joto la Kompyuta na Njia Yake

Mara nyingi husikika mtu akisema, "Kompyuta hii imezeeka," au, "Ina virusi," kwa kuwa huenda polepole saa za mchana na pengine kuzimika yenyewe. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia mashine ni nzima, na kinachoisumbua ni joto tu. Yafaa basi tujue joto hilo latoka wapi na lapaswa kwenda wapi, tusije tukatupa kitu kizima.

Prosesa ndiyo sehemu ifanyayo hesabu za kompyuta. Prosesa nyingi za kompyuta za mezani, zikifanya kazi kwa nguvu, hutoa joto la kiasi cha wati 65, kupita kidogo balbu ya zamani ya wati 60. Balbu ile ikiwaka haishikiki. Na joto la prosesa hutoka katika kipande cha silikoni kidogo kuliko stempu ya barua! Likikaribia digrii 100 za Selsiasi, prosesa hujipunguzia mwendo ili isiungue. Likizidi, mashine hujizima. Basi mwendo ule wa pole si uvivu, bali ni kujikinga.

Sasa tuifuate njia ya joto. Ina hatua tatu.

Kwanza, joto latoka katika prosesa kuingia katika bonge la alumini lililo juu yake. Vyuma viwili vikigusana huacha nafasi ndogo mno zisizoonekana, nazo hujaa hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Ni kama sufuria iliyobonyea kitako juu ya jiko la umeme: jiko lawaka, maji yachelewa kuchemka. Ndiyo sababu mafundi hupaka katikati mafuta mazito yaitwayo pesti. Miaka ikipita, pesti hukauka.

Pili, bonge lile lina mapezi membamba, na feni hupuliza hewa kati yake. Vumbi likijaa humo, hewa haipiti.

Tatu, hewa ya moto yapaswa kutoka nje ya kasha. Kasha likibanwa ukutani au kufungiwa kabatini, hewa ileile huzunguka humo. Tena feni haiwezi kuifanya prosesa iwe baridi kuliko hewa ya chumba. Chumba kikipanda digrii 5, prosesa nayo hupanda karibu digrii 5.

Kabla ya kununua chochote, tafuta njia imezibwa wapi. Soma joto katika ukurasa wa mipangilio, ambao katika kompyuta nyingi hufunguliwa kwa kubonyeza Del au F2 mara tu uiwashapo. Kisha izime, chomoa waya wa umeme, fungua kasha mbele ya mwalimu, na uguse mapezi kwa uangalifu kabla hayajapoa. Ikiwa prosesa ilisoma joto kubwa, hali mapezi yana uvuguvugu tu, kosa liko hatua ya kwanza: pesti imekauka au bonge limelegea. Mapezi yakiwa ya moto sana, hewa ndiyo isiyopita: tazama vumbi, feni, na mahali kasha lilipowekwa.

Vumbi huondolewa kwa brashi laini iliyo kavu. Shika mapanga ya feni yasizunguke. Usipulize kwa mdomo, maana mate hulowesha. Pesti ya zamani hufutwa kwa kitambaa chenye spiriti, kisha hutiwa mpya kiasi cha punje ya njegere. Kile kisanduku cha umeme kilichomo ndani ya kasha kisifunguliwe kamwe, kwani umeme waweza kubaki humo hata waya ukiwa umechomolewa.

MASWALI

1. Kwa nini feni kubwa zaidi haiwezi kuponya kosa la pesti iliyokauka?
2. Chumba kina digrii 27 na prosesa digrii 62. Chumba kikifika digrii 33, na kazi ni ileile, prosesa itakaribia digrii ngapi?
3. Eleza kwa nini kompyuta yaweza kwenda vizuri asubuhi na kuzorota mchana.