SOMO LA MWEZI: BAADA YA SHULE, KIJANA HUYU AENDE WAPI?

Masomo: 2 Samweli 4:4, 9:1-13, 16:1-4, 19:24-30, Kutoka 4:1-16



Mama mmoja alisimama kanisani wakati wa ushuhuda. Binti yake ni mzito wa kuelewa masomo, lakini alivumilia hadi akamaliza shule ya msingi. Siku ile tulimpigia makofi, tukampa kitenge na sabuni. Sasa miaka miwili ilikuwa imepita, na binti alikuwa anakaa tu nyumbani. Mama akauliza, "Mchungaji, shule imekwisha. Mtoto wangu aende wapi?" Hatukuwa na jibu. Tulimwekea mikono, tukaomba, tukaenda zetu kula. Somo hili limetokana na aibu ile.

1. Aliyeanguka wakati wa kukimbia

Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano wakati habari za kufa kwa Sauli na Yonathani zilipofika. Yaya wake alimchukua akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto alianguka, akawa kilema wa miguu yote miwili. Sisi tuliovuka mpaka usiku tunaielewa habari hii bila kufafanuliwa. Wako watoto wetu walioshikwa na homa kali njiani, mahali pasipo na dawa. Wako waliozaliwa hivyo. Angalieni kwamba Maandiko hayamlaumu mtoto wala yaya. Basi na sisi tuache maneno ya laana na uchawi juu ya nyumba hizi.

Daudi alifanya nini? Alimtafuta, akamwita kwa jina lake, akamketisha mezani. Lakini pia alimrudishia mashamba ya Sauli. Kanisa letu limejifunza kutoa sahani ya chakula. Bado halijajifunza habari ya shamba, yaani kumpa mtu mahali pa kupata riziki yake.

Tena kuna onyo. Siba ndiye aliyesimamia mashamba yale, na siku moja alisema vibaya juu ya bwana wake, akapewa mali yote. Mefiboshethi alipopata nafasi ya kusema mwenyewe, ndipo mfalme alisikia habari nyingine. Kwa hiyo tusikubali kwamba mzazi, mjomba au mchungaji amsemee kijana kila siku. Tumwulize yeye mwenyewe: unapenda kazi gani?

2. Mungu alimpa Musa msaidizi

Musa alisema kwamba ulimi wake ni mzito. Mungu hakumwondolea kazi. Kwanza alimwuliza ana nini mkononi. Kisha, Musa alipozidi kukataa, alimpa Haruni. Kuna mambo mawili hapa: tuanze na kile kijana alicho nacho tayari, halafu tumpe msaidizi pale anapokwama.

3. Hatua tano za kufuata

Kwanza, tuanze kabla shule haijaisha. Kijana akiwa bado darasani, tuangalie anafanya nini bila kutumwa. Je, anapenda kulisha kuku? Kupanga vitu? Kukaa na watu? Tuandike.

Pili, tutafute kazi iliyopo hapa hapa: kushona, kutengeneza baiskeli, kusuka nywele, kuchoma mandazi, kufuga. Twende pamoja naye kwa fundi, tuombe mwezi mmoja wa kujaribu. Fundi akiogopa, tusimgombeze. Tumwambie ni nani atakayekuja kusaidia na kwa siku ngapi.

Tatu, tugawe kazi vipande vidogo. Katika miaka ya 1970 huko Marekani, mwalimu Marc Gold aliwafundisha watu waliohesabiwa kuwa hawawezi kujifunza lolote, wakaweza kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande vingi. Aliigawa kazi hatua kwa hatua, na mtu alipokosea alimwonyesha njia nyingine. Nasi tufanye hivyo: leo kupima unga tu. Akishika, kesho kukanda. Tumwonyeshe, tufanye pamoja naye, halafu tumwache afanye peke yake.

Nne, msaidizi ajue kuondoka. Hapa sisi wenyewe tulikosea. Dada tuliyemtuma alikuwa na huruma nyingi, akafanya kazi yote, na binti akabaki anatazama. Msaidizi apunguze siku zake kidogo kidogo.

Tano, malipo ni ya kijana. Kijana mwingine wa kwetu alimaliza mafunzo ya kushona, akapewa mashini. Mgao wa chakula ulipopunguzwa, mashini ikauzwa na familia. Tunajua njaa ni njaa, wala hatuwahukumu. Lakini tungalikutana mapema kama kanisa na likelemba, labda tungaliokoa chombo kile.

Kwa vijana viziwi, jambo la kwanza ni lugha. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi tangu miaka 11, alifungua shule ya viziwi huko Accra mwaka 1957, kisha nyingine nyingi katika Afrika, hadi alipokufa katika ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987. Tukumbuke kwamba ishara zinazotumika Uganda si zile zile za Kongo. Fundi na wenzake kazini wajifunze japo ishara ishirini za kazi yao.

Sheria pia iko upande wetu. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 ya Uganda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya ulemavu.

Yule binti sasa anachoma mandazi na mama mmoja wa kwaya, asubuhi tatu kwa juma. Kurudisha chenji bado kunamshinda, kwa hiyo mama yule ndiye anayeshika pesa. Malipo yake ya kwanza alinunua kandambili, akaja nazo kanisani.

Maswali ya kujadili katika familia

1. Katika kijiji chetu, ni kijana gani aliyemaliza shule na hakuna anayemtafuta?
2. Je, tumewahi kumwuliza yeye mwenyewe anataka nini?
3. Wewe mwenye ujuzi, unaweza kumpokea kijana mmoja kwa mwezi mmoja?

Majibu ya swali la tatu tunayangojea. Mwambieni shemasi wa kijiji chenu kabla ya Jumapili ya Meza ya Bwana. Mungu awabariki.