Chembe Nzito Zinatafutwaje?

Wengi wetu tuliikariri E = mc² kwa ajili ya mtihani, basi. Kumbe ndiyo inayoamua ukubwa wa mashine za kugonganisha chembe: ukitaka kuunda chembe nzito, lazima uwe na nishati ya kuilipia.

Mashine kubwa kuliko zote sasa ni LHC ya CERN, kwenye handaki la kilomita 27 mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Mwaka 2012 ilitupatia bosoni ya Higgs, nzito kama protoni 133 hivi. Tangu hapo haijapatikana chembe nyingine mpya ya msingi.

Kwani nishati haitoshi? LHC hugonganisha protoni kwa TeV 13.6, na TeV 1 tu inalipia uzito wa protoni zaidi ya 1,000. Ila protoni ni kama gunia: ndani mna kwaki na gluoni zinazogawana nishati. Kwa kawaida hugongana kimoja tu kutoka kila gunia, nishati nyingine inapita hivihivi. Ndiyo maana kuna pendekezo la FCC, handaki la kilomita 91 hivi, ambamo baadaye protoni zingegongana kwa TeV 85 au zaidi.

Chembe nzito yenyewe huwezi kuiona, huvunjika papo hapo. Wanasayansi hupima nishati na mwelekeo wa vipande vyake, tuseme myuoni mbili, kisha hukokotoa tungamo la mzazi. Wakichora grafu ya migongano mingi, chembe mpya hujitokeza kama kichuguu kwenye mteremko.

Njia ya pili ni kuchunguza athari. LEP, iliyotangulia katika handaki hilohilo, haikuwa na nguvu ya kuunda kwaki ya juu. Lakini kwa kuipima bosoni ya Z kwa makini, watafiti walikadiria uzito wa kwaki hiyo kabla haijapatikana Fermilab, Marekani, mwaka 1995. Ndiyo sababu FCC ingeanza na elektroni na positroni: vipimo safi kwanza, nguvu baadaye.

Hatua hiyo ya kwanza ingegharimu faranga za Uswisi bilioni 15 hivi, na safari hii hakuna nadharia inayohakikisha kwamba chembe mpya ipo ndani ya uwezo wa mashine. Je, inafaa? Mimi naona inafaa, mradi tusiuze ahadi hewa. Kutopata kichuguu nako ni jibu, kunafuta nadharia zilizokitabiri.

Zoezi: myuoni mbili zinaruka pande zinazokabiliana kabisa, kila moja ikiwa na GeV 500. Mzazi wao alikuwa na tungamo gani? Ukipata TeV 1, umeelewa somo.