Somo la Turathi: Chombo Bila Maelezo Hakina Historia

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linataja makavazi miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, pamoja na maktaba na shughuli za utamaduni. Majirani zetu wa Wajir tayari wana makavazi yaliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Somo hili linaeleza jinsi maonyesho ya historia yanavyoandaliwa, na kile ambacho familia, shule au kikundi cha Mandera kinaweza kuanza kufanya leo.

Makavazi si ghala

Ghala huhifadhi vitu. Makavazi huhifadhi vitu pamoja na habari zake: nani alikitengeneza, wapi, kwa kazi gani, na kilifikaje hapo. Habari hizo zikipotea, kitu hubaki pambo tu.

Chukua dhiil, chombo cha maziwa kinachosukwa kwa nyuzi za mimea. Mgeni ataona kikapu kizuri. Mama aliyekisuka atakueleza ni mmea gani ulitumika, ulikatwa msimu gani, na ni kuni zipi zinazofaa kukifukiza ili maziwa yasiharibike haraka na yapate ladha. Aqal, nyumba ya wafugaji wanaohama, ni vivyo hivyo. Miti yake iliyopindwa na mikeka yake yaweza kuwekwa ukumbini, lakini ujuzi wa kuisimamisha, kuibomoa na kuipakia juu ya ngamia uko mikononi mwa akina mama. Vifaa vya plastiki na nyumba za mabati vinapochukua nafasi, wasukaji hupungua. Chombo chaweza kudumu miaka mingi baada ya mwenye kukijua kuaga dunia.

Historia si ya kale pekee

El Wak ilipiganiwa Desemba 1940, wakati wanajeshi wa Afrika Kusini na Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, walipowashambulia Waitaliano. Lakini El Wak ina historia ya karibu pia. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likija Mandera lilishambuliwa karibu na mji huo. Abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Tiketi ya safari hiyo ni karatasi tu kwa asiyejua. Ikiwekwa pamoja na ushuhuda wa aliyekuwamo, inakuwa somo kwa watoto wetu.

Hatua za kuandaa maonyesho madogo

1. Chagua mada moja, kwa mfano maziwa, visima, Mto Daua au shule ya kwanza ya eneo lenu. Vitu kumi vyenye maelezo vinatosha.
2. Mhoji mwenye kitu. Omba idhini kwanza, kisha mrekodi kwa simu katika lugha anayoizungumza vizuri.
3. Andika jina la kitu kama jamii husika inavyokiita. Kisomali, Kigarre na Kiborana huweza kuwa na majina tofauti, yaandike yote.
4. Andika kibandiko kifupi: jina, kazi, mahali, mwaka kama unajulikana, na jina la mwenye kitu akikubali litajwe.
5. Toa hati ya kuazima. Ionyeshe kitu ni cha nani, kina hali gani, na kitarudishwa lini.
6. Mpe mzee au mama nafasi ya kueleza mwenyewe. Wageni hukumbuka zaidi walichoonyeshwa kwa mikono.

Siku inayofaa ni 18 Mei, ambayo ni Siku ya Makavazi Duniani.

Tahadhari

Usichimbue wala kuuza vitu vya kale. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inamtaka anayegundua kitu chenye umuhimu wa kiakiolojia atoe taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7. Kiache mahali pake, kwa kuwa mahali kilipolala ni sehemu ya maelezo yake.

Kwa matukio yenye machungu, kama mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, mwenye kusimulia ndiye anayeamua kipi kionyeshwe na kipi kibaki cha familia. Pale koo zinapotofautiana kuhusu tukio, andikeni kila kauli na aliyeitoa. Maonyesho yanayosikiza upande mmoja huleta ugomvi badala ya elimu.

Maswali ya kujadili nyumbani na shuleni

- Ni kitu gani nyumbani kwenu ambacho mtu mmoja tu ndiye anayejua habari zake?
- Je, habari hizo zimeandikwa au kurekodiwa popote?
- Ni nani katika familia atakayemhoji mtu huyo wiki hii?