Dagaa wa Ziwa na Madini ya Zinki

Tumeulizwa suala na baadhi ya ndugu zetu wa pwani waliohamia Kisumu, nasi twaona lataka jawabu la mapana, kwani lagusa dini na lagusa miili ya watoto. Wauliza: wale dagaa wa Ziwa, waitwao omena kwa Kijaluo, waliwao wazima pamoja na vichwa na matumbo, je, yafaa kuwala? Na wako wasiouliza kitu, bali husema tu kuwa hicho ni chakula cha maskini na kuku.

Ama kwa upande wa sheria, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi jambo hili halina dhiki. Samaki hahitaji kuchinjwa. Na Imamu al-Rafi'i na Imamu al-Nawawi wamejuzisha kumla samaki mdogo pamoja na yaliyomo tumboni mwake, kwa kuwa ni mashaka kumsafisha mmoja mmoja. Samaki mkubwa hukumu yake ni nyengine, huyo hutolewa matumbo. Basi asiyempenda dagaa na amwache, lakini asisingizie sheria.

Ama kwa upande wa afya, maneno ni mengi zaidi. Zinki ni yale madini yapakwayo juu ya mabati yasishike kutu. Mwili nao wayataka, kwa kadiri ndogo mno: mwanamume miligramu 11 kwa siku, mwanamke 8, na zaidi akiwa mja mzito. Chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hazizidi wala hazipigani sawasawa zikiikosa. Wala mwili hauna ghala ya kuiweka. Mtoto aikosaye hudumaa, kidonda chake hakiponi upesi, na kuhara humrudia mara kwa mara.

Upungufu huu ulijulikana kwanza katika nchi za Kiislamu. Mnamo 1958 daktari Ananda Prasad alikuwa Shiraz, nchini Iran, akaona vijana waliodumaa mfano wa watoto wadogo, chakula chao mkate wa ngano usiotiwa hamira, na wengine wakila udongo (kama wafanyavyo baadhi ya waja wazito kwetu). Kisha akawachungua wenzao Misri, na ilipofika 1963 ikabainika kuwa wamepungukiwa na zinki. Nafaka ina kitu kiitwacho fitati, nacho huishika zinki hata ikatoka mwilini bila ya kufaa. Basi msomaji na aitazame sinia yake: chapati haina hamira, na sima ya mahindi ina fitati.

Samaki hana fitati, lakini samaki si wote sawa. Mnofu wa sangara, aitwaye mbuta huko Ziwani, hukatwa viwandani ukapelekwa Ulaya, na kichwa na mifupa, yaani mgongo wazi, huuziwa wenyeji. Hata huo mnofu wenyewe hauna zinki nyingi. Dagaa huliwa mzima, na kwa hiyo humshinda kwa zinki, chuma na chokaa. Ajabu ni kuwa sehemu kubwa ya dagaa wavuliwao husagwa kwa ajili ya kuku, hali wako watoto wa ufuo huo huo washindao kwa sima na mchuzi wa mboga.

Anunuaye na achague waliokaushwa juu ya nyavu zilizoinuliwa, si mchangani; awaoshe kwa maji ya moto, kisha awapike kwa kitunguu, nyanya na ndimu. Wa pwani hatakosa kutia tui. Mtoto aliyetimiza miezi sita asagiwe waliokauka, unga uchungwe, atiliwe kijiko katika uji. Na uji uliochachuliwa ni bora, kwani kuchachua hupunguza fitati.

Akishikwa na kuhara, dagaa si dawa. Mnamo 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliagiza apewe maji ya chumvi na sukari ya hospitali pamoja na vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekwisha kukoma. Mtu mzima asijinunulie vidonge hivyo pasi na daktari, kwani zinki ikizidi huizuia shaba, nayo mwili wahitaji.