Kuzoea na Kung'amua

Mara nyingi twasikia mtu akisifiwa kuwa ana uzoefu wa miaka 20, nasi papo hapo twadhani ana ujuzi. Yafaa maneno haya tuyapime, kwani hayana uzito mmoja. Uzoefu watokana na kuzoea: jambo limerudiwa hata mkono hulitenda bila kuuliza. Tajriba imetoka katika Kiarabu, nayo ina asili moja na kujaribu; asiyejaribu hana tajriba. Mang'amuzi, neno lipendwalo katika maandishi ya Kanisa, ni tunda la kung'amua, yaani kulitazama jambo hata maana yake ikafunuka. (Maarifa tunayaacha kando leo, neno hilo limekuwa gunia la kutilia kila kitu.)

Na tutwae mfano wa Muleba, mkoani Kagera. Huko mtoto hukua kibanjani chini ya migomba, na kazi ya panga haifundishwi darasani. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba, uletwao na bakteria, ulionekana wilayani humo, mara ya kwanza katika Tanzania. Majani yaligeuka manjano na kulegea. Ndizi ziliiva kabla ya wakati, na zilipopasuliwa zilikuwa na madoa ya rangi ya kutu. Hapo uzoefu uliwadanganya wengi. Mkono uliozoea kupita na panga moja toka shina hata shina ndio uliokuwa ukiueneza ugonjwa, kwa maana utomvu wa mgomba mgonjwa hubaki kwenye makali. Watu hao hawakuwa wavivu wala wajinga. Walitenda kama walivyowaona wazazi wao wakitenda.

Wadudu nao, watembeleapo ua dume lililo nchani mwa mkungu, huuchukua ugonjwa. Kwa hiyo wakulima walifundishwa kulivunja ua hilo kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho itokeapo, kulipitisha panga motoni, na kuuondoa mgomba ulioambukizwa. Aliyeyasikia hayo alipata elimu. Aliyeyafanya na kuona mkungu wake ukikomaa alipata tajriba. Bali mama asimamaye asubuhi kibanjani, akaona jani moja limelegea ingawa jua bado halijawaka, akalirudisha panga lake kabla halijaligusa shina, huyo ndiye tumwitaye mwenye mang'amuzi, hata kama jirani yake amelima miaka mingi kuliko yeye.