Ablativu Absoluti: Maswali na Majibu kwa Wanafunzi wa Latin-Philo, Yahuma na Kisangani

Haya ni kwa mwanafunzi anayejiandaa kwa Exetat. Soma ukiwa na kalamu mkononi.

Swali: Ablativu absoluti ni nini?
Jibu: Ni nomino au kiwakilishi pamoja na partisipi, vyote katika ablativu, vikieleza mazingira ya tendo kuu. Nomino hiyo si kiima wala yambwa ya sentensi kuu. Ponte fracto, mercatores in ripa manebant: daraja lilipovunjwa, wachuuzi walibaki ukingoni. Kifaransa nacho kina ujenzi wa aina hii. Anayesema la nuit tombée ameshafika nusu ya njia.

Swali: Je, nitafsiri kwa "baada ya" kila mara?
Jibu: Hapana. Tazama sentensi kuu ndipo uamue. Ponte fracto, naves quaerimus ni "kwa kuwa daraja limevunjwa, tunatafuta meli". Ukiona tamen, anza na "ingawa". Partisipi ya wakati uliopo huonyesha tendo linalokwenda sambamba na lile kuu, na -ki- yetu inatosha kabisa: pluvia cadente, piscatores retia trahunt, mvua ikinyesha, wavuvi wanavuta nyavu. Angalia pia mwisho wa neno: cadente, si cadenti. Ile -i ni ya partisipi iliyogeuka kivumishi, kama ardenti studio, "kwa bidii kali".

Swali: Nitaandikaje les pêcheurs, ayant pris les poissons?
Jibu: Swali hili ndilo gumu kuliko yote, kwa hiyo twende polepole. Kilatini hakina partisipi ya wakati uliopita yenye maana ya kutenda. Captus ni "aliyekamatwa", kamwe si "aliyekamata". Ukiandika piscatores capti, umewatia wavuvi wavuni! Geuza tendo liwe la kutendwa, uwape samaki ablativu: piscatores, piscibus captis, domum redierunt. Neno kwa neno ni "samaki wakiwa wamekamatwa", lakini kwa ufasaha unasema "wavuvi walipokwisha kukamata samaki, walirudi nyumbani". Vitenzi deponenti hasa ndivyo vinavyokwepa kanuni hii, kwa sababu umbo lavyo ni la kutendwa na maana ni ya kutenda: patre profecto, liberi flebant, baba alipoondoka, watoto walikuwa wakilia.

Swali: Je, kila nomino yenye partisipi ni ablativu absoluti?
Jibu: La. Pisces captos mercator vendidit: hapa samaki ni yambwa ya vendidit, hivyo partisipi inafuata akuzativu. Kuandika piscibus captis kisha kuongeza eos vendidit ni kosa la kawaida. Tafuta kitenzi kikuu kwanza, mengine baadaye.

Swali: Mbona Cicerone consule haina partisipi?
Jibu: Kitenzi sum hakina partisipi ya wakati uliopo, kwa hiyo nomino mbili zinatosha: "Cicero akiwa konsuli", yaani mwaka 63 kabla ya Kristo. Warumi walitaja miaka kwa majina ya makonsuli wao. Vivyo hivyo kiwakilishi na kivumishi: me invito, "mimi nisipopenda".

Sasa jaribu mwenyewe sentensi mbili: nocte adveniente, pueri domum currunt; na pueros clamantes mater vocat. Moja tu kati ya hizo ina ablativu absoluti. Eleza kwa nini, kwa maandishi, kabla hujamuuliza mwalimu.