Samadi inayoleta magugu

SWALI: Ng'ombe wangu wa mpango wa Girinka hatoki zizini, namkatia majani kandokando ya mashamba. Kila nikitia samadi yake kwenye maharage, magugu yanazidi. Kwani mbegu hazifi tumboni?
– Mkulima, Gikundamvura, Rusizi

JIBU: Nyingi hufa, ndugu yangu, lakini si zote. Zenye ganda laini huoza humo tumboni. Zile ndogo na ngumu, kama za mchicha pori, huponyoka meno na kutoka zikiwa hai, nyingi ndani ya siku nne hivi. Jaribu mwenyewe: tia kinyesi kwenye kopo, changanya na udongo uliochemshwa, kinyweshe maji wiki mbili. Miche itakayochomoza ndiyo inayokuchosha shambani.

Ng'ombe wa kuchungwa angebeba pia kishona nguo kwenye manyoya na mbegu nyingine kwenye matope ya kwato. Wako habebi hivyo; mbegu unamletea wewe. Kwa hiyo kata majani kabla hayajatoa maua. Naona hapo ndipo penye nusu ya kazi.

Samadi usiipeleke shambani ikiwa mbichi. Irundike kimo cha mita moja na zaidi, iwe na unyevu, ifunike kwa majani ya migomba. Chomeka fimbo katikati. Ukiichomoa iwe moto hata usiweze kuishika. Joto la nyuzi 55 hadi 60 kwa siku kadhaa huua mbegu nyingi. Kingoni hakupati moto, kwa hiyo geuza lundo mara tatu, cha nje kiingie ndani.